Lugha za maelezo tekelezi: Nani anaweza kuisoma kanuni inayoamua tiba?

KIBAHA, PWANI

Mtoto wa miezi minane anapofikishwa zahanati akiwa na kikohozi, mhudumu huhesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima. Akipumua mara 50 au zaidi, anahesabiwa kuwa anapumua haraka, dalili ya nimonia, na mwongozo unaelekeza apewe dawa. Akipumua mara 49, kwa kipimo hicho hana nimonia.

Kwa miaka mingi kanuni hiyo ilikaa katika chati za ukutani na vijitabu vya mwongozo. Siku hizi, katika maeneo kadhaa ya Tanzania, ukiwamo Mkoa wa Pwani, kanuni za namna hiyo zimeandikwa pia ndani ya simu za mkononi na kompyuta za halmashauri, nazo hujiendesha zenyewe: mhudumu hujibu maswali, mashine hutoa uamuzi.

Kanuni hizo huandikwa kwa lugha ambazo wataalamu wa kompyuta huziita lugha za maelezo tekelezi. Ahadi yake ni kwamba mtu anayeijua kazi, awe tabibu, muuguzi au mratibu wa takwimu, ataweza kuiandika na kuisoma kanuni mwenyewe bila kuwa mwandishi wa programu.

Ahadi hiyo imetimia nusu. Lugha hizi zimerahisisha sana kazi ya kuandika fomu, lakini bado hazijarahisisha vya kutosha kazi ya kuisoma fomu iliyoandikwa na mwingine na kugundua palipokosewa. Katika huduma ya afya, kazi hiyo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi.

MAELEZO TEKELEZI NI NINI

Katika uundaji wa programu, maelezo ni andiko linalosema mfumo unapaswa kufanya nini. Kwa desturi huandaliwa na wanaoijua kazi, kisha hukabidhiwa waandishi wa programu, nao huyafasiri kwa lugha ya kompyuta. Makosa mengi huzaliwa katika makabidhiano hayo, kwa kuwa anayeandika programu haijui kazi, na anayeijua kazi hawezi kuisoma programu.

Maelezo tekelezi hukusudia kuliziba pengo hilo. Ni maelezo yaliyoandikwa kwa utaratibu mkali kiasi cha kompyuta kuweza kuyafuata moja kwa moja, lakini kwa namna iliyo karibu na lugha ya kazi yenyewe. Andiko moja husomwa na binadamu na kutekelezwa na mashine.

Wazo hilo si geni. Lugha ya COBOL, ambayo maandalizi yake yalianza Marekani mwaka 1959, ilijengwa kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida kwa matumaini kwamba wakuu wa ofisi wangeweza kuisoma.

Mwaka 2002 Mmarekani Ward Cunningham alitoa zana iitwayo FIT, ambayo mtumiaji huandika jedwali la mifano na kompyuta huonyesha ni mifano ipi mfumo umeitimiza na ipi umeshindwa. Mwaka 2008 ilifuata Cucumber ya Aslak Hellesøy, ambayo hupokea mifano iliyoandikwa kwa sentensi zenye sehemu tatu: hali iliyopo, jambo linalotendeka na matokeo yanayotarajiwa.

Katika Afrika Mashariki, lugha ya aina hii iliyoenea zaidi pengine ni XLSForm. Huandikwa katika jedwali la kawaida la Excel. Kila mstari ni swali moja. Safu moja hutaja aina ya swali, nyingine jina lake, nyingine maneno atakayoyaona mhudumu, nyingine sharti la swali kuonekana, na nyingine mpaka wa jibu linalokubalika. Jedwali hilo hugeuzwa kuwa fomu inayofanya kazi katika simu, hata pasipo mtandao.

Zana ya ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani mwaka 2008 na ambayo imetumika sana Tanzania, Kenya na Uganda, husoma fomu za aina hiyo.

KUTOKA DAFTARI LA MTUHA HADI SIMU

Mkoa wa Pwani una historia ndefu katika suala hili. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kwa jina la MTUHA, ulienea nchini katika miaka ya 1990 ukitumia madaftari yenye namba: namba 5 kwa wagonjwa wa nje, namba 6 kwa wajawazito, namba 7 kwa watoto, na mengineyo. Hadi leo wahudumu wengi huyataja madaftari hayo kwa namba zake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijiunga na mtandao wa kimataifa wa HISP, ulioanzia Afrika Kusini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, katika juhudi za kuingiza takwimu za MTUHA kwenye kompyuta. Baadaye toleo la mfumo huo linalotumia intaneti, DHIS2, lilifanyiwa majaribio katika Mkoa wa Pwani, zikiwamo wilaya za Kibaha na Kisarawe, kabla ya kusambazwa nchi nzima. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2013 lilikuwa limefika mikoa yote ya Tanzania Bara.

DHIS2 nayo ina lugha yake ya maelezo tekelezi. Msimamizi wa mfumo huandika kanuni za uhakiki, mathalani kwamba idadi ya wagonjwa waliokutwa na malaria isizidi idadi ya waliopimwa. Zahanati ya Kisarawe ikileta taarifa ya mwezi inayokiuka kanuni hiyo, kompyuta humwonya anayeingiza takwimu.

Kibaha imekwenda hatua nyingine. Mwanzoni mwa muongo wa 2020 wilaya hiyo ilipokea mpango wa Afya-Tek, unaotekelezwa na mashirika ya Apotheker na D-tree pamoja na washirika wao kwa ufadhili wa Fondation Botnar ya Uswisi. Mpango huo huwaunganisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maduka ya dawa muhimu na vituo vya kutolea huduma kupitia programu iliyojengwa juu ya mfumo wa OpenSRP.

Mhudumu anayemtembelea mama nyumbani huongozwa na simu swali kwa swali. Akiona dalili ya hatari humwandikia rufaa, na rufaa hiyo huonekana kituoni au dukani kabla mgonjwa hajafika.

Tofauti ya mifumo hii miwili ni kubwa. Kanuni ya DHIS2 ikikosewa, takwimu huharibika. Kanuni iliyo katika simu ya mhudumu ikikosewa, mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani.

WASOMI WALIVYOBISHANA

Swali la iwapo maelezo yanapaswa kutekelezeka limewagawa wasomi wa kompyuta kwa muda mrefu. Mwaka 1989 Ian Hayes na Cliff Jones walichapisha makala iliyodai kuwa si lazima maelezo yatekelezeke. Hoja yao ilikuwa kwamba mwandishi anayelazimika kuifurahisha mashine huacha kueleza kinachotakiwa na kuanza kueleza namna ya kukifanya, na hivyo maelezo hupoteza uwazi wake.

Mwaka 1992 Norbert Fuchs alijibu kwamba ni afadhali yatekelezeke, kwa kuwa mwenye kazi huweza kuyaona yakifanya kazi mapema na kusema, kabla mfumo haujakamilika, kwamba hakukusudia hivyo.

Yanayoonekana katika sekta ya afya yanawapa haki wote wawili. Fomu inayofanya kazi ndani ya simu humwezesha muuguzi kugundua upungufu ambao asingeuona katika waraka wa kurasa 60. Wakati huohuo, jedwali lenye mamia ya mistari na masharti yaliyofungamana huwa gumu kusomeka hata kwa aliyeliandika.

KIPIMO CHA URAHISI WA MATUMIZI

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kupitiwa upya mwaka 2018, kinapima urahisi wa matumizi kwa mambo matatu: mtumiaji kulifikia lengo lake kwa usahihi, kulifikia bila kupoteza nguvu nyingi, na kuridhika na chombo alichokitumia.

Kwa lugha za maandishi ya kompyuta, kipimo kinachotajwa mara nyingi ni cha mwanasaikolojia Mwingereza Thomas Green, alichokitoa mwaka 1989 na kukiendeleza mwaka 1996 pamoja na Marian Petre. Kipimo hicho huuliza maswali kama haya:

- Je, maandishi yako karibu na kazi inayoelezwa?
- Je, badiliko dogo la kazi hulazimisha mabadiliko mengi katika maandishi?
- Je, kuna sehemu zinazotegemeana pasipo msomaji kuona?
- Je, lugha humvuta mtumiaji kwenye makosa yaleyale kila mara?
- Je, mtumiaji anaweza kuijaribu kazi yake kabla haijakamilika?

Kwa swali la kwanza, XLSForm hupata alama nzuri. Jedwali hufanana na fomu ya karatasi, na watumishi wengi wa halmashauri wameshaizoea Excel. Kanuni za DHIS2 huwa nzito zaidi: ndani ya mfumo kila takwimu hutambulishwa kwa alama za siri zenye herufi na tarakimu 11, na msomaji hulazimika kutazama tafsiri iliyo chini ya kanuni ili ajue inazungumzia nini.

Katika maswali mengine matatizo huongezeka.

MPAKA WA NAMBA

Mwongozo wa kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja, unaojulikana kwa kifupi cha IMCI, uliandaliwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuupokea. Unaweka mipaka mitatu ya kupumua haraka: mara 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, mara 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza miezi 12, na mara 40 au zaidi kuanzia miezi 12 hadi kabla ya miaka mitano.

Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili, "zaidi ya hamsini" na "hamsini au zaidi" hutumika kana kwamba ni kitu kimoja. Vivyo hivyo "hadi miezi 12": wapo wanaohesabu mwezi wa 12 kuwa ndani na wapo wanaouacha nje. Binadamu anayeijua kazi hujaza pengo hilo kwa uzoefu. Mashine haina uzoefu. Alama moja ikiachwa katika sharti, mtoto anayepumua mara 50 kamili huhesabiwa kuwa mzima.

Kosa hilo halionekani kwa macho. Fomu hufunguka vizuri, maswali hujipanga, na matokeo hutolewa bila onyo lolote. Ndiyo maana wataalamu husema lugha yenye urahisi wa kweli ni ile inayomwezesha tabibu kuuona mpaka ulivyo, na si ile inayomwezesha tu kuandika fomu haraka.

HESABU YA UMRI

Mfano wa utegemezi uliofichika ni hesabu ya umri. Njia inayotumika sana katika fomu za simu ni kuchukua idadi ya siku tangu kuzaliwa na kuigawa kwa 30.4, ambao ni wastani wa siku za mwezi, kisha kuacha desimali.

Tuseme mtoto amezaliwa tarehe 1 Januari na kuletwa zahanati tarehe 1 Machi. Kwa kalenda ametimiza miezi miwili. Lakini kati ya tarehe hizo, katika mwaka usio mrefu, zimepita siku 59, na 59 ukigawa kwa 30.4 unapata 1.94. Desimali ikiachwa, mashine husema mtoto ana mwezi mmoja.

Mtoto huyo akipumua mara 55 kwa dakika, kwa mpaka unaomhusu anapumua haraka. Kwa mpaka ambao mashine imeuchagua, yaani mara 60, hapumui haraka. Aidha, fomu humpeleka kwenye maswali ya watoto wachanga, ambayo ni tofauti na ya watoto wakubwa.

Mwandishi wa kanuni ya kupumua hakukosea, na anayeisoma peke yake hataona dosari. Kosa limo katika mstari mwingine kabisa wa jedwali, pengine mistari 80 juu yake.

NAFASI TUPU SI SIFURI

Katika daftari la MTUHA, nafasi iliyoachwa wazi huweza kumaanisha mambo matatu: hakuna mgonjwa aliyepatikana, huduma haikutolewa, au mhudumu alisahau kujaza. Mratibu anayeifahamu zahanati hupiga simu na kuuliza.

Kompyuta hulazimika kuamua. DHIS2 humtaka mwandishi wa kanuni achague mojawapo ya njia tatu: kuiacha kanuni iwapo takwimu yoyote inakosekana, kuiacha iwapo zote zinakosekana, au kutoiacha kamwe na kuihesabu nafasi tupu kuwa sifuri.

Zahanati ikiandika wagonjwa 12 waliokutwa na malaria na kuacha wazi idadi ya waliopimwa, njia ya kwanza itapitisha taarifa hiyo kimya kimya, na njia ya tatu itatoa onyo. Uchaguzi huo mdogo una athari kubwa kuliko kanuni yenyewe.

Katika fomu za simu hali hufanana. Swali lisilojibiwa likilinganishwa na namba, jibu la ulinganisho huwa "si kweli" kwa upande wowote: tupu si ndogo kuliko 40 na wala si kubwa kuliko 40. Kujumlisha nafasi tupu na namba nako huweza kuiharibu hesabu nzima. Asiyelijua hilo hawezi kulibahatisha kwa kulitazama jedwali.

Zipo pia kanuni zilizoandikwa sawasawa lakini zenye kosa la mantiki ya kazi. Kanuni kwamba idadi ya watoto waliopata chanjo ya tatu ya penta isizidi ya waliopata chanjo ya kwanza ni ya maana kwa mwaka mzima na kwa wilaya nzima. Kwa zahanati ndogo na kwa mwezi mmoja, huweza kuvunjwa kwa haki kabisa, kwa kuwa watoto wa chanjo ya tatu walianza wiki nane kabla. Mhudumu akionywa kila mwezi bila kosa, huzoea kuyapuuza maonyo yote.

SAA YA KISWAHILI

Fomu za XLSForm huruhusu maswali yaandikwe kwa lugha zaidi ya moja, na mhudumu huchagua Kiswahili katika simu yake. Hata hivyo, vichwa vya safu na maneno ya masharti hubaki kuwa ya Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mhudumu wa Kibaha husoma maswali kwa lugha yake, ilhali kanuni inayoamua hatima ya majibu yake imeandikwa kwa lugha nyingine.

Tatizo halikomei kwenye maneno. Kwa Mswahili, saa za mchana huhesabiwa kuanzia mapambazuko na za usiku kuanzia machweo, na mtoto aliyezaliwa saa 2 usiku amezaliwa saa 20:00 kwa hesabu ya mashine. Mhudumu akiandika 2:00, mashine huelewa ni saa nane za usiku wa kuamkia siku hiyo, yaani saa 18 kabla.

Mwongozo wa watoto wachanga unasema mtoto anayeonyesha umanjano wa ngozi au macho kabla ya kutimiza saa 24 yuko katika hatari kubwa na apewe rufaa ya haraka. Mtoto aliyezaliwa saa 2 usiku akionekana na umanjano saa 2 asubuhi inayofuata, ana umri wa saa 12. Kwa kumbukumbu iliyokosewa, mashine itadhani ana saa 30, na kanuni ya hatari haitaguswa.

Dawa ya tatizo hilo ni rahisi: kuuliza kwanza kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha kuiachia programu kazi ya kugeuza. Lakini jambo hilo litawekwa katika maelezo ikiwa tu mmoja wa walioyaandika anaishi kwa saa hiyo.

MWONGOZO UNAPOBADILIKA

Miongozo ya tiba haikai mahali pamoja. Tanzania iliachana na klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 na kuhamia SP, kisha kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 ikahamia dawa mseto ya ALu. Mwaka 2014 WHO ilibadili mpangilio wa nimonia ya watoto, ikaagiza kwamba mtoto anayebonyea kifua bila dalili nyingine za hatari anaweza kutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kunywa, ambapo awali alihesabiwa kuwa na nimonia kali ya kulazwa.

Katika chati ya ukutani, badiliko kama hilo ni karatasi mpya. Katika jedwali lenye masharti yaliyofungamana, dalili ileile huweza kutajwa mara kadhaa: katika uamuzi, dozi, rufaa, ushauri kwa mama na taarifa ya mwezi. Sehemu moja ikisahaulika, simu humwambia mhudumu mambo mawili yanayopingana.

Jiografia nayo huchangia. Mji wa Kibaha uko kandokando ya Barabara ya Morogoro, kilometa zipatazo 40 kutoka Dar es Salaam. Wilaya ya Kisarawe huanzia kwenye vilima vya jirani na Pugu lakini huteremka mbali hadi kata kama Vikumburu na Mafizi. Fomu ya simu hufanya kazi bila mtandao, na hiyo ni sifa yake kubwa. Lakini simu isiyofikiwa na mtandao hubaki pia na toleo la zamani la kanuni. Kwa siku au wiki kadhaa, wahudumu wawili wa mkoa mmoja huweza kuongozwa na miongozo miwili tofauti.

MTWARA ILIVYOONYESHA

Pamoja na mitego hiyo, ushahidi kwamba kanuni zinazojiendesha huweza kumsaidia mhudumu upo, na sehemu yake ilitoka Tanzania. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Brian DeRenzi walichapisha matokeo ya jaribio la awali lililofanyika mkoani Mtwara, ambapo mwongozo wa IMCI uliwekwa katika kompyuta ndogo za mkononi.

Walieleza kuwa matibabu kwa kutumia chombo hicho yalichukua muda unaokaribia sawa na utaratibu wa kawaida, kwamba yalielekea kuongeza ufuataji wa mwongozo, na kwamba matabibu walijifunza kukitumia haraka. Lilikuwa jaribio dogo, lakini lilifungua njia kwa mipango iliyofuata, ikiwamo ya shirika la D-tree ambalo sasa linafanya kazi Kibaha.

Jaribio hilo lilipima urahisi kwa anayejibu maswali. Urahisi kwa anayeandika kanuni, na hasa kwa anayetakiwa kuikagua, ni suala jingine ambalo limechelewa kupewa uzito.

Mwaka 2021 WHO ilitoa mpango uitwao SMART Guidelines unaogusa suala hilo moja kwa moja. Kila mwongozo huandaliwa kwa tabaka: maelezo ya kawaida kwanza, kisha majedwali ya maamuzi yanayosomwa na binadamu, kisha maandishi yanayosomwa na mashine, na hatimaye programu inayotekelezeka. Tabaka la pili limewekwa makusudi ili wataalamu wa tiba wakubaliane juu ya kila mpaka kabla kanuni haijaingia mikononi mwa mafundi.

MIFANO KABLA YA KANUNI

Njia nyepesi ya kumshirikisha tabibu ni ile iliyotumiwa na FIT na Cucumber: kumwomba mifano, si kanuni. Tabibu asiyejua kusoma sharti la Excel anaweza kabisa kuandika orodha kama hii kwa mtoto mwenye kikohozi:

- Miezi 11, anapumua mara 49: hapumui haraka.
- Miezi 11, anapumua mara 50: anapumua haraka.
- Ametimiza miezi 12 leo, anapumua mara 40: anapumua haraka.
- Ametimiza miezi 12 leo, anapumua mara 39: hapumui haraka.
- Amezaliwa 1 Januari, ameletwa 1 Machi, anapumua mara 55: anapumua haraka.
- Hakuhesabiwa: fomu isiendelee mpaka ahesabiwe.

Orodha hiyo ina mistari sita tu, lakini ingefichua makosa ya mpaka, ya umri na ya nafasi tupu yaliyoelezwa hapo juu. Kila fomu inapobadilishwa, mifano yote hupitishwa upya. Mmoja ukishindwa, toleo jipya halipelekwi kwenye simu za wahudumu.

Mifano huwa na faida nyingine: inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kubandikwa ukutani na kujadiliwa katika kikao cha timu ya afya ya wilaya. Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kuitia saini akijua anachokisaini, jambo ambalo ni gumu kwa jedwali la mistari 300.

Mifano pekee haitoshi, kwa kuwa haiwezi kugusa kila hali. Mtu mmoja anahitajika ndani ya kila halmashauri anayeweza kulisoma jedwali lenyewe, hata kama si yeye aliyeliandika. Miradi mingi huja na wafadhili na huondoka nao. Lugha ya kanuni ikibaki kwa mafundi wa mradi peke yao, wilaya hubaki na simu zinazotoa maamuzi ambayo hakuna anayeweza kuyasahihisha.

HAKI YA KUJUA

Suala hili limepata pia sura ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imeweka haki za mhusika kuhusu maamuzi yanayofanywa kwa mashine pekee. Katika zahanati mwenye uamuzi bado ni mhudumu, na simu ni mshauri. Lakini mhudumu asiyeweza kujua kwa nini simu imesema "rudi nyumbani" yuko katika hali ngumu ya kuipinga, hasa akiwa mgeni kazini.

Kwa hiyo wilaya inayoletewa mfumo mpya ina maswali ya kuuliza kabla ya kuupokea. Kanuni zake zimeandikwa kwa lugha gani, na nani wilayani anaisoma? Mifano ya majaribio iko wapi, na nani aliikubali? Nafasi tupu huhesabiwaje? Umri hukokotolewaje? Saa huandikwaje? Mwongozo wa Wizara ya Afya ukibadilika, nani atairekebisha kanuni, na itachukua siku ngapi kufika kwenye simu ya mwisho?

Maswali hayo hayahitaji shahada ya kompyuta kuyauliza, na anayeleta mfumo anapaswa kuyajibu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Asipoweza kuyajibu hivyo, upungufu uko katika maelezo ya mfumo wake, nao unapaswa kurekebishwa kabla simu hazijagawiwa kwa wahudumu.